Vita vyetu, simu zao

Alhamisi ya Machi 8, 2012, wakati wa chai kazini, mwenzangu mmoja alinisogezea simu usoni. "Wewe si wa Uganda? Ulikuwa unayajua haya?"

Nilikuwa kwenye kyeyo, yaani kibarua cha ughaibuni, hapa Leeds, Uingereza, nyumba ya kutunza wazee, mwaka wangu wa tatu. Kwenye kioo ilikuwa ile filamu ya dakika 30, Kony 2012, ya shirika la Invisible Children la San Diego, Marekani, juu ya Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA waliokuwa wakiteka watoto kwetu. Ilikuwa na siku tatu tu mtandaoni, na kabla wiki haijakatika ilishatazamwa zaidi ya mara milioni 100.

Nilikuwa nayajua! Nimekulia kambi ya polisi Gulu, kaskazini mwa Uganda. (Kiswahili changu kimetoka huko: Baba Mteso, Mama Mwacholi, majirani kila kabila, na kambini lugha ni hiyo moja.) Jua likianza kuzama, watoto walimiminika mjini kutoka vijijini, kila mmoja na blanketi au gunia kichwani, wakitafuta pa kulala ambapo waasi wasingewafikia. Mama alifagia baraza letu mara mbili kwa siku, jioni kabla hawajaja na asubuhi wakishaondoka. Asubuhi alimwaga na maji, maana wadogo walikojoa wakiota.

Na bado niliisambaza ile filamu. Nakiri. Utamu wa kusikia watu wa Leeds wakilitaja jina la Gulu ulinizidi.

Jioni nikampigia Baba. Nyumbani ilikuwa sikukuu, Siku ya Wanawake.

"Baba, umesikia? Dunia nzima inamtafuta Kony."

"Wanamtafutia wapi, mwanangu?"

"Wanaonyesha Gulu."

"Huyu aliondoka Uganda kabla mazungumzo ya amani ya Juba, kati ya serikali na LRA, hayajaanza 2006. Mgeni keshakwenda, ndio wanachinja kuku?"

Nikamuuliza kuhusu kambi za wakimbizi wa ndani, ambako serikali ilirundika watu hadi wakapita milioni moja na nusu, na kuhusu waliyotendewa na askari waliokuwa wakiwalinda. Filamu ilikuwa imeyaruka hayo. Baba akakohoa. "Hayo tutaongea ukija." Amestaafu polisi, anajua simu ni nini.

Machi 13 filamu ilionyeshwa uwanjani Lira, mji mwingine wa kaskazini. Watu walikuja kwa maelfu, wakitaka kujua dunia inasema nini juu yao. Walichokiona ni mtoto wa mtengenezaji filamu, mvulana mdogo Mzungu, akielezwa Kony ni mtu mbaya, na fulana zenye jina la Kony. Ikaishia kwa mawe. Binamu yangu aliyekuwepo aliniuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: "Ungevaa fulana yenye jina la aliyekukata midomo?"

Wenzetu huku wanaamini kwamba vita ambavyo havijafika kwenye simu yao havina mtu anayevipinga. Juni 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama na viongozi wengine wa dini, Waislamu na Wakristo, walilala na wale watoto katika kituo cha mabasi cha Gulu usiku nne mfululizo. Baba alipita doria akamkuta askofu kajilaza chini, akavua kofia. Halafu kulikuwa na redio. Mega FM ya Gulu walikuwa na kipindi cha Dwog Paco, yaani rudi nyumbani: vijana waliotoroka walizungumza na wenzao walioko porini, wakiwaambia kwamba Sheria ya Msamaha ya 2000 ni ya kweli, kwamba hawakuuawa walipojisalimisha. Wapiganaji walisikiliza kwa siri, na wengine wakatoka kwa sababu ya sauti hizo. Mtu kuweka shingo yake rehani ili aseme, nako ni uanaharakati.

Sitaki kuwaonea. Vijana wa Marekani walizunguka miaka kwenye makanisa na ofisi za wabunge, na sheria ya Obama ya Mei 2010 juu ya LRA ilitokana kwa sehemu na jasho lao. Lakini hiyo ilikuwa kabla ya filamu. Baada yake uliitishwa usiku wa Aprili 20, kila mji ufunikwe mabango ya Kony. Alfajiri ya 21 nikienda zamu niliyatafuta njia nzima. Nililiona moja, kwenye nguzo ya taa, limelowa mvua.

Siku hizi Jumamosi hapa watu wanaandamana kwa ajili ya Gaza, mara nyingine Sudan. Mabasi yanapangwa kwa WhatsApp, polisi wanatembea pembeni, saa kumi na moja kila mtu yuko kwake. Nami huenda. Nyumbani ujumbe kama huo una bei nyingine. 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku ili tu kuingia WhatsApp na Facebook. Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti nzima ilizimwa kwa siku kadhaa, Facebook ikafungiwa, watu wakahamia VPN. Julai 2024 vijana walioitana mtandaoni kuandamana dhidi ya ufisadi Kampala walikamatwa kabla hawajafika popote. Jeshi letu liko Kongo katika operesheni Shujaa, dhidi ya waasi wa ADF, tangu Novemba 2021. Nani anaandamana Kampala kuuliza habari zake? Na mimi mwenye kuuliza niko Leeds, nimekaa karibu na hita.

Septemba 9, 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ya The Hague ilianza kusikiliza mashtaka 39 dhidi ya Kony, mwenyewe hayupo. Yalirushwa moja kwa moja. Nilitazama jikoni kabla ya zamu ya usiku, nikamtumia Baba kiungo. Kazini hakuna aliyeniuliza kitu.

Baba alijibu jioni. Bando lake liliisha wakiwa bado wanasoma mashtaka, akamalizia kwa redio.