Haraka ya koleo: nani anahitaji daktari wa meno usiku Dar es Salaam?

Mama mwenye uchungu wa uzazi saa nane usiku pale Mbagala ana pa kupelekwa, na kila mtu mtaani anapajua. Jirani yake anayeumwa gego saa hiyohiyo ana duka la dawa, kama halijafungwa, na baada ya hapo ni kusubiri kukuche. Wapo wanaoona hiyo ni aibu kwa jiji la ukubwa huu. Wanataka hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Temeke na Mwananyamala, ziwe na daktari wa meno usiku kucha kama zilivyo na mkunga. Wengine wanajibu kwamba jino haliui, na fedha hizo bora zizibe matundu mchana ili usiku huo usimfike mtu. Pande zote mbili zinabishana kuhusu saa. Mimi kinachonisumbua zaidi ni kile anachofanyiwa mgonjwa akishakaa kwenye kiti.

Hoja ya wanaopinga zamu ya usiku si nyepesi. Mchana, mkazi wa Dar es Salaam yuko karibu na daktari wa meno kuliko Watanzania wengi. Shahada ya udaktari wa meno ilianza kufundishwa hapahapa Muhimbili mwaka 1979, na wahitimu, kama wahitimu wa fani nyingine, wamependa mjini. Kliniki za binafsi zipo Kariakoo, Sinza, Mikocheni, mpaka Mbagala yenyewe, na baadhi hufungua hadi usiku na siku ya Jumapili. Halafu jino lenyewe halioi kwa usiku mmoja. Anayelia leo saa nane usiku, mara nyingi tundu alikuwa nalo tangu mwaka jana. Alikuwa anatafunia upande wa pili na kuogopa maji ya baridi. Kumwekea daktari, msaidizi, mashine ya kuchemshia vifaa, umeme wa uhakika na picha ya eksirei usiku kucha ni gharama, na gharama hiyo inatoka kwenye mfuko uleule unaotakiwa kumnunulia mwenzake dawa ya kuziba.

Hata hivyo, sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Katika umati huo, kila usiku hawakosi watu ambao jino lao haliwezi kungoja asubuhi.

Wa kwanza ni yule ambaye uvimbe umetoka kwenye fizi ukashuka chini ya taya. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na bado unabeba jina lake. Usaha wa gego la chini unaenea chini ya ulimi pande zote mbili, ulimi unainuliwa juu na kusukumwa nyuma, na njia ya hewa inaziba. Kabla ya kuwepo antibiotiki, zaidi ya nusu ya walioupata walikufa. Mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa yuko hatarini zaidi. Dalili zake hazihitaji elimu ya chuo: mdomo haufunguki, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza, sauti imebadilika kama ana kitu kinywani, chini ya kidevu pamekuwa pagumu kama ubao. Huyu asipelekwe kwenye kliniki ya meno hata kama ipo jirani na iko wazi. Apelekwe hospitali yenye idara ya dharura, kwa sababu anachohitaji kwanza ni mtu wa kumlindia pumzi na chumba cha upasuaji cha kuutoa huo usaha. Muhimbili ina idara kamili ya tiba ya dharura tangu 2010, ya kwanza ya aina yake nchini. Anayesema jino haliui angekwenda kuuliza pale.

Wa pili ni majeruhi wa pikipiki, mwenye taya lililovunjika au damu isiyokata. Huyu hana mjadala, na kwa kweli mfumo unamjua, kwa sababu analetwa kama majeruhi wala si kama mgonjwa wa meno.

Wa tatu ndiye anayesahaulika: mtoto aliyeanguka uwanjani na jino la mbele, la ukubwani, likang'oka zima na mzizi wake. Hapa saa ina maana kuliko mahali pengine popote kwenye tiba ya meno. Chembe hai zilizobaki kwenye mzizi zinaanza kufa zikikauka, na likikaa kavu kama saa nzima, nafasi ya jino kushika tena vizuri inakuwa ndogo sana. Toka Gongo la Mboto mpaka Upanga, iliko Muhimbili, jioni ya siku ya kazi, ukakwama Tazara, uone hiyo saa inavyoisha. Kwa hiyo tiba inaanzia palepale alipoanguka. Jino lishikwe sehemu inayoonekana mdomoni, mzizi usiguswe wala kusuguliwa. Likiwa na mchanga lisuuzwe upesi kwa maziwa, kisha lirudishwe kwenye tundu lake na mtoto aume kitambaa safi njiani. Ikishindikana, liwekwe kwenye maziwa, na pakiti ya maziwa haikosekani duka la mtaa wowote wa jiji hili. Lisitumbukizwe kwenye maji ya bomba likakaa humo, na lisifungwe kwenye karatasi. Jino la utotoni halirudishwi, maana linaweza kuumiza jino la ukubwani linalokuja chini yake. Utaona kwamba katika habari yote hii daktari wa usiku ana sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni ya mwalimu wa zamu, kondakta na mama wa jirani.

Sasa turudi kwa wengi, wale wa gego linalopiga kama ngoma. Kiini cha jino kimevimba ndani ya chumba kisichopanuka, na ukilala damu inaongezeka kichwani, ndiyo maana usiku maumivu yanazidi. Si uzushi wa mgonjwa. Hatakufa, lakini kesho hataendesha bajaji wala hatakaanga chapati za kuuza. Kwa mtu anayekula alichopata leo, kumwambia kwamba hali yake si dharura ni kauli ya mtu mwenye mshahara.

Huyu ndiye anayekwenda famasi. Daktari halisi wa meno wa usiku wa Dar es Salaam ni muuza dawa, na dawa anayoitoa mara nyingi ni amoksilini, aina ya antibiotiki, pengine vidonge vichache tu vya kupunguza makali ya bei. Ni kosa mara mbili. Antibiotiki haitulizi kiini kilichovimba; mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa 2019 unakataza kuitoa kwa maumivu ya namna hiyo pale matibabu ya jino yanapopatikana. Na dozi nusu huwafundisha vijidudu ukaidi. Kinachosaidia ni ibuprofeni pamoja na parasetamoli, kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo, figo mbovu au ujauzito. Karafuu ya bibi nayo ina ukweli wake, kwani mafuta yake yana eujenoli, ambayo madaktari wenyewe huichanganya kwenye dawa ya kuziba kwa muda. Kusaga aspirini na kuiweka kwenye fizi ni kujiunguza tu.

Kuna mtego mwingine hapo. Baada ya siku chache maumivu yanaweza kukata ghafla, na mtu anamsifu muuza dawa. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa. Tundu bado lipo, vijidudu vinaendelea kushuka kwenye mzizi, na wiki au miezi baadaye shavu linaumuka.

Akifika hospitali asubuhi, huyu mtu atahudumiwa, na kwa haraka kuliko tunavyokiri. Tatizo ni kwamba haraka hiyo ni ya jambo moja. Sindano ya ganzi, koleo, pamba, nenda nyumbani. Kung'oa kunafanyika siku hiyohiyo. Kuokoa jino kunapangiwa tarehe, na mara nyingi kunapelekwa kwingine.

Nisiwaonee wanaong'oa. Kwa mgonjwa wa kipato cha kubahatisha, kung'oa ni uamuzi wenye akili: ziara moja, malipo mara moja, maumivu yamekwisha. Kutibu mzizi kunataka ziara mbili au tatu, na kila ziara ni nauli na siku ya biashara, halafu gego lililotibiwa linahitaji kuvikwa kofia ili lisipasuke. Jumla yake ni mara kadhaa ya bei ya kung'oa. Anayeanza akaishia njiani, jino likabaki wazi, anaweza kuishia na jipu. Daktari anayemtazama mgonjwa na kujua kwamba hatarudi, akaamua kung'oa, hajakosea. Ninachomlaumu ni pale anapoamua kwa niaba ya mgonjwa bila kumuuliza. Kijana wa miaka 19 akiondoka na pengo, meno ya jirani yataanza kulalia pengo hilo na la juu litashuka kutafuta mwenzake. Ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya ganzi.

Hili linaudhi zaidi kwa sababu ya historia yetu wenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi Jo Frencken alianza kujaribu hapa Tanzania njia ya kuziba jino bila mashine wala umeme: uozo laini unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono na tundu linajazwa dawa inayoshikana na jino. Shirika la Afya Duniani liliitangaza dunia nzima mwaka 1994, na mwaka 2021 dawa hiyo ya kuziba ikaingizwa katika orodha yake ya dawa muhimu. Kweli, njia hiyo haimsaidii ambaye kiini kimeshavimba. Ingemsaidia mwaka jana, alipokuwa bado anaogopa maji ya baridi. Hapo wapinzani wa zamu ya usiku wana haki ya kutuuliza kwa nini tunaomba taa ya usiku wakati kifaa cha mchana kilichozaliwa kwetu hatujakifikisha kila kituo cha afya.

Kuna ubishi mwingine mdogo lakini unaogusa muda. Mgonjwa amefika shavu limevimba. Anaambiwa akanywe dawa siku tano uvimbe ushuke ndipo jino ling'olewe. Wanaosema hivyo wana sababu: ganzi hufanya kazi vibaya kwenye nyama yenye usaha, na mdomo usiofunguka hauingizi koleo. Lakini ganzi inaweza kupigwa mbali na jipu, kwenye shina la mshipa wa fahamu, na kuutoa usaha na chanzo chake mapema ndiyo tiba yenyewe. Vidonge ni msaidizi. Ninaegemea upande huu. Kusubiri kuwe kwa mgonjwa ambaye kweli hawezi kufunguliwa mdomo, na hata huyo aangaliwe upya baada ya siku moja au mbili.

Kuhusu fedha nitapita haraka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Machi 2024 hospitali nyingi za binafsi ziligoma kupokea kadi za NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa sababu ya bei mpya, na waliokuwa na jino bovu wiki hiyo wanakumbuka. Bima itakayolipia kung'oa kwa urahisi na kuweka vikwazo kwenye kuziba itaendeleza haya niliyoyalalamikia, safari hii kwa risiti.

Shirika la Afya Duniani, katika kifurushi chake cha huduma za msingi za kinywa cha 2002, liliweka tiba ya haraka kuwa nguzo ya kwanza na kuieleza kwa mambo matatu: kutuliza maumivu, huduma ya kwanza kwa maambukizi na majeraha, na rufaa kwa yale magumu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai kiti cha meno saa nane usiku. Kwa hiyo nisingeunga mkono zamu kamili ya daktari wa meno katika kila hospitali ya mkoa. Ningetaka matabibu wa idara ya dharura, ambao wapo macho tayari, wafundishwe kupiga ganzi ya taya. Ile ya bupivakaini hudumu saa kadhaa na inampa mgonjwa usingizi mpaka alfajiri. Wafundishwe pia kuutambua uvimbe wa hatari, na wawe na namba ya daktari bingwa wa kinywa na taya atakayepokea simu. Kisha asubuhi, viti vya kwanza vya chumba cha meno viwe vya waliotoka kule usiku, kwa karatasi waliyopewa, kabla foleni ya kawaida haijaanza.

Najua pingamizi litakalokuja: watu watajazana dharura usiku ili wapate karatasi ya kuruka foleni. Baadhi watafanya hivyo, sisi ni watu wa Dar. Lakini anayekubali kukaa Temeke saa tisa usiku ili awahi kiti cha saa mbili asubuhi, huenda jino linamuuma kweli, na tabibu mwenye tochi na kijiti cha kugongea jino anaweza kulibaini hilo kwa dakika mbili.