Tovuti moja ikigoma, usikimbilie VPN

Hivi nani alitufundisha kwamba kila tovuti ikigoma dawa ni VPN ya bure, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva za nchi nyingine? Wasap inapiga kazi, video zinacheza, ila ukurasa wa benki unazunguka tu mpaka unakata tamaa, ukiuliza kwenye grupu wa kwanza kujibu anakwambia shusha VPN fulani utanishukuru baadae. Unashusha, bando linaliwa, kila unachofungua kinapita kwenye seva za watu usiowajua, na benki yenyewe inazidi kukukatalia maana sasa inaona unaingia kutokea Uholanzi.

Mi nasema soma kwanza. Kwenye Chrome ukurasa ukigoma kuna maneno madogo ya kijivu chini pale, watu wanayapita kama hayapo, na jibu mara nyingi liko hapo hapo. Ukikuta ERR_CERT_DATE_INVALID angalia saa na tarehe ya kifaa chako kabla ya kitu kingine chochote. Hii inazipata sana laptop kuukuu, ile betri ndogo ya ndani ikifa kila ukizima mashine tarehe inarudi miaka ya nyuma huko, sasa cheti cha usalama cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, brauza ikipiga hesabu inaona cheti bado hakijaanza, inakufungia mlango. Ukirekebisha tarehe ukurasa unafunguka, na kuna mafundi watakupigia Windows upya na hela watachukua kwa hilo hilo tu.

Ukikuta DNS_PROBE basi shida ni DNS, yaani pale jina la tovuti linapogeuzwa kuwa namba ya seva yake. DNS ya kampuni yako ya intaneti ikilala weka ya bure ya Cloudflare, 1.1.1.1, au ya Google, 8.8.8.8, kwenye rauta au kompyuta. Kwenye Android, kuanzia toleo la 9, kuna sehemu ya DNS ya faragha, kachungulie kama hukuwahi kuweka kitu cha kuzuia matangazo halafu ukasahau, hiyo nayo inaua tovuti kimya kimya.

Ikiwa ni TIMED_OUT, yaani brauza imesubiri jibu mpaka imechoka, hapo ndo ubadilishe njia, zima waifai jaribu kwa laini, au omba hotspoti ya mtu wa mtandao mwingine. Ikifunguka huko, simu yako haina kosa. Ikigoma kote inawezekana tovuti yenyewe ndo imelala, kama 18 Novemba 2025 Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi hupitia kwake, ilipopata hitilafu, X na ChatGPT zikawa zinatoa error dunia nzima huku tovuti nyingine zinadunda kama kawaida. Au ni waya wa baharini, 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikayumba, na hali kama hiyo vitu vyenye seva karibu vinaweza kufunguka fresh huku vya mbali vinakwama. Hapo hata uwashe simu na kuzima mpaka kesho.

Halafu kuna tovuti zilizofungwa kwa makusudi, X Tanzania ilianza kugoma Mei 2025, na hapo sawa, VPN ndo watu wanaitumia, ingawa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tangu Oktoba 2023 iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao. Ninachokereka nacho ni ule uongo wa mezani. Unapiga huduma kwa wateja, dada anakwambia kwa upole kabisa "zima simu kisha uwashe baada ya dakika tano", wakati tatizo wanalijua. Kama imefungwa semeni imefungwa, kama waya umekatika semeni waya, mteja asiunguze vocha kununua bando jingine akidhani la kwanza lilikuwa bovu.