Usiku wa Filamu, Bisi na Taya la Shangazi

Sukari ikiwa koponi ni kiumbe mpole. Unaichota, unaimwaga kwenye chai, inayeyuka bila ubishi na maisha yanaendelea. Lakini ipashe moto mpaka ikaribie nyuzi 150 za Selsiasi uone inavyobadili tabia. Inanata, inaunguza, inafura, inashika chochote kilicho karibu na hairudishi. Mimi nilikutana na sura hiyo ya pili usiku wa filamu, mbele ya mashahidi ambao mpaka leo hawana mpango wa kusahau.

Nyumbani kwetu mgawanyo wa kazi usiku wa filamu unajulikana. Mke wangu anachagua filamu, kwa sababu tukipiga kura hatuoni kitu mpaka alfajiri. Watoto wanapanga mito sakafuni na kugombana nani akae wapi. Mimi napika bisi. Bisi zangu za chumvi hazijawahi kulalamikiwa, na laiti mambo yangeachwa hapo. Lakini binti yangu mkubwa alikuwa ameona kwenye simu video ya bisi zilizovikwa karameli. Zinang'aa, zinadondoka bakulini moja moja kwa mlio, na kinachoonekana ni mikono ya mpishi tu, misafi, haina haraka. Jihadharini na video ambazo mpishi haonyeshi uso. Uso ndio unaosema ukweli.

"Baba, ni rahisi tu," akaniambia. "Dakika tano."

Nikaanza na bisi zenyewe, eneo ninalolijua. Tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu, watoto watatu, na Shangazi aliyekuja kututembelea. Nikapiga hesabu ya nusu kikombe cha punje kwa kila mtu. Nusu kikombe, jamani! Mtu mzima akila nusu kikombe cha kitu chochote watu wanamuuliza kama anaumwa. Vikombe vitatu vikaingia kwenye sufuria kubwa kuliko zote, mafuta chini, mfuniko juu.

Watoto wakiwa wamesimama pale, nikaona nisiwanyime elimu. Nikaegemea kabati, nikawaeleza kwamba ndani ya punje ya bisi mna maji kidogo, kama asilimia 14 ya uzito wake, yamefungiwa ndani ya ganda gumu. Joto likifika nyuzi 180 hivi, maji yamekwisha kuwa mvuke, mvuke unatafuta mlango, mlango hakuna, basi ganda linapasuka na wanga wa ndani unafumuka na kuganda hapo hapo. Walinisikiliza kwa heshima. Sehemu ambayo sikuwa nimeifikia katika mhadhara ule ni kwamba kikombe kimoja cha punje hutoa vikombe 30 vya bisi, pengine zaidi. Zidisha mwenyewe.

Mfuniko ulianza kwa kutikisika. Ukainuka kidogo, ukatua. Ukainuka tena, na safari hii haukutua. Ulibebwa juu na rundo jeupe lililokuwa likipanda bila kuomba ruhusa. Punje zilizokuwa chini hazikujali kwamba juu hakuna nafasi, zilipasuka tu na kuzisukuma wenzao nje. Bisi zikamwagika jikoni kote, sakafuni, na ndani ya droo ya vijiko iliyokuwa wazi. Kitinda mimba wetu alijipanga mlangoni akizidaka kwa mdomo. Tukakinga bakuli, likajaa. Tukaleta sufuria zote zilizobaki, isipokuwa moja ndogo ya kuchemshia maziwa, zikajaa. Tulipofikia beseni la kufulia, sauti ya mke wangu ikatoka sebuleni.

"Baba watoto, huko kuna usalama?"

"Usalama tele!" nikajibu, nikiwa nimepiga magoti, natoa bisi chini ya friji.

Karameli ilipikwa kwenye ile sufuria ndogo ya maziwa. Watu wengi wameniuliza kwa nini. Kwa sababu nyingine zote zilikuwa na wageni.

Vikombe viwili vya sukari, siagi, maji kidogo, chumvi ya kuonjea. Amri ya kwanza ya shira ni kwamba ikishaanza kuchemka usiikoroge, maana ukiikoroga chembe za sukari zinashikana upya. Nilikuwa najua hilo. Mwanangu wa kati hakuwa anajua, na alikuwa ameshika mwiko, na mimi nilikuwa bado chini ya friji. Niliposimama, shira ilikuwa imeingia ukungu. Dakika mbili baadaye ilianza kuwa chengachenga, na hatimaye ikakauka kabisa. Tulikuwa tumetumia moto mwingi na siagi nzuri kutengeneza sukari kutokana na sukari.

Tukaanza upya, na mara hii nikadondoshea maji ya limao, ambayo husaidia kuzizuia chembe zisishikane. Watoto nikawafukuza nje ya mlango. Hapo sikuwa na mzaha: shira ya aina ile ina joto kuliko maji yanayochemka, na ikikurukia haichuruziki ikaondoka, inabaki palepale ngozini. Binti mkubwa peke yake ndiye aliyebaki, mbali na jiko, kazi yake kunisomea maelekezo kwenye simu.

Nikiri kwamba kwa muda fulani nilifurahia. Mapovu yalianza makubwa, yakipasuka kwa pupa. Maji yalivyozidi kutoka yakawa madogo na mazito, yanapasuka kwa uvivu, na kila moja likaacha kijishimo kabla ya kufunikwa na lingine. Rangi ikatoka kwenye njano ikaingia kwenye kahawia nyepesi. Harufu ilifika mpaka sebuleni. Nilisikia Shangazi akisema kwa sauti kwamba kumbe huyu mtoto anajua kupika. Mimi nina mvi, lakini nilifarijika.

Ili kujua shira imefikia wapi, unadondosha tone kwenye glasi ya maji baridi. Langu lilizama, nikalitoa kwa vidole: kigoroli laini kama ndewe ya sikio. Hiyo maana yake bado. Inatakiwa tone likatike kwa mlio, ndipo bisi zako zitakuwa kavu, za kutafunika. Tone likiwa laini, unachotengeneza ni gundi tamu.

"Haya, inafuata nini?" nikauliza.

Wakati huohuo simu ikaingia ujumbe. Binti akausukuma kwa dole gumba, na maelekezo nayo yakasukumika.

"Weka bikaboneti. Vijiko viwili."

"Viwili? Una hakika?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Baba."

Ilikuwa imeandikwa kweli. Baadaye tulipopanda juu kidogo kwenye ukurasa tukakuta karameli ilihitaji nusu kijiko cha chai, na vile vijiko viwili vilikuwa mali ya keki iliyofuata chini yake. Ila hayo ni ya baadaye. Nilichota cha kwanza, nikachota cha pili.

Bikaboneti ikikutana na shira ya moto hutoa hewa, na ile hewa inanaswa kwenye shira na kuwa vipovu vidogo vidogo. Ndiyo siri ya karameli iliyo nyepesi mdomoni. Sasa weka mara nyingi ya kipimo, ndani ya sufuria ya maziwa. Povu lilipanda likiwa na rangi ya dhahabu, zuri kweli, halina haraka. Likafika ukingoni. Nikaliambia, "Subiri." Likavuka. Liliteremka pande zote, likaufikia moto, moshi ukapanda darini, na king'ora cha moshi ambacho sikuwahi kusikia sauti yake tangu tukifunge kikaamka na kulia kwa uchungu wa miaka yote kilichonyamaza.

Nikazima jiko. Binti akapunga kitambaa chini ya king'ora. Mke wangu akaja mlangoni, akatazama beseni la kufulia, akatazama dari, akanitazama mimi.

"Filamu inaanza baada ya dakika mbili," akasema, akarudi zake. Ndoa inayodumu ina mambo yake.

Nusu ya karameli ilibaki sufuriani, nikaimwaga juu ya bisi za sufuria kubwa. Hapo lazima ukoroge haraka kabla haijapoa, na nilikoroga kwa nguvu zangu zote, mzunguko wa kwanza, wa pili, na wa tatu ukaishia njiani. Mwiko ulikuwa umesimama wima na haukutaka mjadala. Niliuvuta juu, sufuria nzima ikainuka nao.

Maelekezo yalisema baada ya hapo utandaze bisi kwenye trei, uziingize kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa muda wa saa moja, ukizigeuza kila baada ya dakika 15, ili unyevu utoke na karameli ikauke. Saa moja! Binti alikuwa ameniahidi dakika tano. Nikachukua kisu, nikabomoa mabonge, nikayapanga kwenye sinia.

Sasa niwaeleze kuhusu Shangazi. Ni dada yake marehemu baba yangu, mtu wa ukarimu usio na mfano, na hawezi kutazama filamu kimya. Anawaonya wahusika. Anauliza huyu ni nani hata kama ndiyo kwanza ametokea. Mbaya zaidi, kama ameshaiona, atakwambia mwisho wake kwa nia njema kabisa, usije ukapata mshtuko. Filamu ya usiku ule ilikuwa ya mauaji na upelelezi, na mke wangu alikuwa ameisubiri kwa hamu. Alimuuliza Shangazi mapema kama anaijua. Shangazi akasema la, hata jina hajalisikia.

Kwa kuwa ndiye mkubwa, alihudumiwa wa kwanza, na heshima ikadai apewe bonge kubwa kuliko yote. Akalipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaling'ata kwa magego.

Dakika za mwanzo zilikwenda vizuri ajabu. Taa zimezimwa, maiti imepatikana maktaba, mpelelezi amefika na koti lake. Bisi zilikuwa na ladha ya mbali ya sabuni, lakini hakuna aliyelalamika, na mimi nikalichukulia hilo kuwa pongezi. Sikujua kwamba wenzangu walikuwa wanapigana vita vya kimyakimya, kila mtu na meno yake.

Kisha mwanangu wa kati akachukua rimoti apunguze sauti. Vidole vyake vilikuwa na karameli. Aligusa kitufe kisicho chake, kitufe kikazama, hakikuibuka. Sauti ikaanza kupanda yenyewe: 20, 30, 45. Na ndiyo kwanza mpelelezi alikuwa ananyata ukumbini kwa tahadhari kubwa, asisikike. Alisikika. Kila hatua yake ilitikisa vioo vya kabati. Mtoto akajaribu kuitupa rimoti, rimoti ikakataa kutoka mkononi. Akaitikisa, mdogo wake akaivuta, wakawa wawili. Mpelelezi alipofungua mlango, bawaba zake zililia mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Mke wangu akaruka mito, akachomoa waya ukutani.

Giza na kimya. Tukakaa tunahema. Na taratibu, mmoja baada ya mwingine, tukatambua kwamba kimya kile kina kasoro. Muda wote huo wa maiti, koti na mlango, hakuna mtu aliyekuwa ametuuliza huyu ni nani.

Nikawasha taa. Shangazi alikuwa ameketi wima kwenye kochi, mikono magotini, midomo imefungwa, macho yamemtoka.

"Shangazi, unapumua?"

Akatikisa kichwa kukubali, tena kwa hasira kidogo.

"Unaumwa?"

Akakataa. Akanyoosha kidole taya la juu, akanyoosha kidole taya la chini, kisha akaunganisha viganja vyake na kuvibana pamoja. Tukaelewa. Nikasema nakwenda kumletea maji ya uvuguvugu, maana karameli ni sukari na sukari haiwezi kushindana na maji ya moto. Lakini Shangazi akanishika mkono nisiondoke. Akafanya ishara ya kuandika hewani. Alitaka kalamu, na aliitaka sasa hivi.

"Wosia," mke wangu akaninong'oneza.

Binti akaleta daftari la shule na kalamu. Shangazi akaandika, akaandika tena chini yake, akachana karatasi na kumkabidhi mke wangu. Naye, kwa kuwa hakuna mtu anayesoma ujumbe wa dharura kimoyomoyo, akausoma kwa sauti mbele ya familia nzima:

"Muuaji ni daktari. Nimekumbuka, niliiona.

Leteni maji ya moto."

Filamu ilikuwa imebakiza saa moja na nusu.