Mardale Green: Hesabu Iliyowaacha Watu 97

Kila ukame mkali unaposhusha maji ya bwawa la Haweswater, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kuta za mawe na daraja dogo la kitongoji cha Mardale Green huibuka topeni, kama ilivyokuwa mwaka 1984, 1995 na 2022, na swali la zamani huibuka pamoja nazo: je, ilikuwa haki kukizamisha ili jiji la Manchester lipate maji?

Hoja ya jiji hilo si ya kubezwa. Mwaka 1931 lilikuwa na wakazi zaidi ya 700,000, na Bunge lilikwisha kuidhinisha mradi wa bwawa tangu 1919. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo naye alistahili maji safi ya bomba, na hadi leo watu wengi wa eneo hilo wanalitegemea bwawa hilo.

Lakini watetezi wa uamuzi ule hupenda kusema kwamba waliohamishwa walikuwa wachache: nyumba kadhaa za wafugaji wa kondoo, nyumba ya wageni ya Dun Bull na kanisa dogo. Hesabu hiyo imewaacha watu 97. Hao ni wafu waliofukuliwa katika uwanja wa kanisa na kuzikwa upya katika kijiji cha Shap, ng'ambo ya mlima. Uzito wa idadi hiyo haueleweki mpaka ukumbuke kwamba zamani, kabla Mardale haijawa na makaburi yake, maiti wa bonde hilo walifungwa juu ya farasi na kuvushwa mlima huohuo hadi Shap, na wa mwisho alivushwa mwaka 1736. Wenyeji walipata haki ya kuzikana nyumbani, wakakaa nayo karibu miaka 200, kisha wakapokonywa, na wafu wao wakapelekwa kulekule walikopelekwa mababu. Fidia ya nyumba na malisho, hata ingekuwa nono kiasi gani, sioni ingewezaje kulipa jambo hili.

Ibada ya mwisho ilifanyika tarehe 18 Agosti 1935. Kanisa lilijaa, na umati uliobaki nje ulisikiliza kupitia vipaza sauti. Baadaye kanisa likabomolewa, na mawe yake yakajengea mnara wa kutolea maji, ambao bado umesimama ukingoni mwa bwawa.