Konda, Nashuka Kwa Remmy, Ila Tuelewane Kwanza

Mimi nakaa Sinza, na kituo changu cha daladala kinaitwa Kwa Remmy. Kila siku ya Mungu konda anabamiza bati: "Remmy wapo? Kwa Remmy!" Wa kushuka wanashuka, hakuna anayeshtuka. Jumatatu ya wiki iliyopita nimetoka kazini hoi, nimesimama kwa mguu mmoja maana wa pili umekaliwa na ndoo ya mtu ya samaki, nikamuuliza konda, kijana tu wa miaka ishirini na ushee: "Mwanangu, huyo Remmy unayemtaja mara hamsini kwa siku, unamjua?"

Akajibu huku anahesabu chenji: "Si yule aliyekuwa na baa, mzee?"

Jamani. Baa!

Nilitaka nimrekebishe kwa maneno mawili tu, niendelee na uchovu wangu. Nikamwambia Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, 1947, akaja Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akawa na bendi ya Matimila. Kwamba alijiita mwenyewe "sura mbaya" jukwaani, na watu wakampenda na sura yake hiyohiyo. Kwamba aliimba kuhusu kifo kama mtu anayeongea na mdai wake mlangoni. Nilipofika kwenye "Mambo kwa Soksi" nikaona nieleze kabisa kuwa soksi zile si za mguuni, ni kondomu, na enzi hizo ukimwi unasemwa kwa kunong'ona. Hapo mama mmoja wa kiti cha mbele akamziba mwanawe masikio, na baba mwingine akauliza kutoka nyuma: "Mzee, unashuka au unahubiri?" Kutazama dirishani, kituo kimeshapita. Nimeteremshwa cha mbele, narudi kwa miguu, namlaani konda, na goti linanilaani mimi.

Kusema kweli konda nilimwonea. Hasira nilikuwa nazo tangu Jumamosi, tangu lile tamasha.

Binti yangu ndiye aliyeninunulia tiketi. "Baba, wewe si unapenda muziki wa laivu? Twende." Tiketi elfu thelathini, ya kusimama. Ya kukaa ni laki. Yaani siku hizi muziki wanakupa bure, wanachokuuzia ni kiti. Tangazo lilisema saa mbili kamili usiku. Mimi na ushamba wangu, saa mbili kasorobo niko getini, nimechomekea. Nikawakuta mafundi wanaburuta nyaya, muuza mishkaki mmoja, na mlinzi aliyeniuliza kama mimi ndiye niliyeleta jenereta.

Saa saba kasoro ndipo nyota akapanda. Nikaitafuta bendi kwa macho. Naona wacheza shoo wanne, naona moshi, naona kijana mmoja kainamia kompyuta. Gitaa hakuna. Tumba hakuna. Nikamuuliza binti yangu, "Bendi inaingia saa ngapi?" Akanionea huruma. "Baba, ndiyo hiyo." Ile kompyuta!

Kumbe nyota kaja kuufuatisha wimbo wake kama sisi tunavyoufuatisha, tofauti ni kwamba yeye analipwa. Anakunywa maji, sauti inaendelea kulalamika mapenzi. Sasa katikati ya wimbo wa tatu kompyuta ikakwama: "Nakupe-pe-pe-pe-pe..." Kijana anabonyeza, wapi, pe-pe-pe. Nyota akawa na sekunde moja ya kuamua, anyamaze au aende nayo. Akaenda nayo! Mdomo pe-pe-pe, bega linapanda na kushuka kwa kila pe. Uwanja ukalipuka. Jumapili asubuhi watoto wa mtaani kwetu wanaruka kamba kwa pe-pe-pe. Na mimi hata hiyo hitilafu sikuiona vizuri, maana mbele yangu alisimama kijana mrefu aliyeinua simu mwanzo mpaka mwisho. Tamasha lote nimelitazamia kwenye kioo chake, nacho kimepasuka. Mpaka leo nikimkumbuka yule nyota namkumbuka ana ufa shavuni.

Sisi tumelelewa vibaya, tumezoeshwa vyombo. Bendi ya dansi ilikuja na gitaa la solo, solo la pili, ridhimu, besi, dramu, tumba, tarumbeta na saksafoni, na waimbaji wamesimama mstari mmoja kama wanasubiri chanjo. Wimbo unaanza taratibu, unakupa kisa: nani kamwacha nani, nani kasafiri hajaandika barua, nani kala pesa ya mwenzake. Unakaa, unasikiliza, unatikisa kichwa kama uko kwenye kesi. Halafu waimbaji wanarudi nyuma, solo linakata, tumba zinaamka, kesi imeahirishwa, sasa ni kiuno. Na wimbo ambao redioni una dakika tano, ukumbini unakwenda robo saa, kwa sababu mpiga solo kaona kuna meza moja kule pembeni bado haijainuka. Kompyuta inaijua meza ya pembeni?

Na tulikuwa na timu. NUTA Jazz ilianza 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, kila jumuiya ya wafanyakazi ikibadili jina na bendi inabadilishiwa kibao, mpaka watu wakachoka wakaiita kwa mtindo wake: Msondo Ngoma. Upande wa pili DDC Mlimani Park, tangu 1978, hao mtindo wao Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Marehemu Muhidin Gurumo alikuwa NUTA, akaenda kuianzisha Mlimani, na miaka ikapita akarudi zake Msondo. Kwa lugha ya leo, kachezea Simba na Yanga na hakuna aliyemchomea nyumba. Mimi ni Msondo. Mke wangu ni Sikinde. Wazee walituonya tusioane.

Ila hata yeye tukifika kwenye watunzi tunakubaliana. Mbaraka Mwinshehe alikwenda na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 1970, akarudi, 1973 akaunda Super Volcano, na Januari 1979 ajali ya gari ikamchukua Mombasa, hajafika hata miaka 35. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, alituacha 1995 akiwa na 40. Watu hao walikuwa wanakaa chini na kalamu. Wimbo wa leo una watunzi tisa na maneno saba, na matatu kati ya hayo ni jina la mwimbaji mwenyewe.

Tatizo la watunzi wale ni moja, wamejaza majina ya wanawake. Nikipiga "Zuwena" ya Marijani sebuleni, mke wangu anapunguza sauti ya jiko. Sijui jiko linapunguzwaje sauti, lakini analipunguza. "Huyo Zuwena yuko wapi siku hizi?" Miaka ishirini na tisa ya ndoa, wimbo kaukuta, bado upelelezi unaendelea.

Na msiniambie habari za muziki wa asili, mtaniliza. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, na zeze lake na ilimba lake na sauti inayotoka kisimani mpaka juu ya mbuyu, alikuwa akiishi Bagamoyo hapo, nauli ya buku chache. Nani kati yetu alikwenda? Mimi sikwenda. Nilimsikia vizuri kwa mara ya kwanza kwenye diski iliyotoka Uingereza, imewekwa kwenye fungu la "muziki wa dunia", kana kwamba wa kwao wenyewe unatoka mwezini. Na Remmy vilevile, ni haohao Waingereza, kampuni ya rekodi ya Real World, walimtoa. Basi na mimi namgombeza konda!

Sasa kuna shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Huyu ni mtu wa roki. Jua la Dar la saa saba mchana, yeye kavaa fulana nyeusi ya Queen, jasho linamtoka kama kabeba zege. Ukimuuliza, anakujibu: "Freddie Mercury ni wa kwetu." Na hapo huwezi kumbishia, maana huyo mwimbaji wa Queen, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja, Septemba 5, 1946, akapelekwa shule ya bweni India akiwa mtoto, na familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Shemeji anasema "wa kwetu" kama vile walichangia ndoo ya maji.

Jumatano alikuja na video ya Queen uwanjani Wembley, tamasha la Live Aid la Julai 13, 1985. Ananiambia, "Shem, tazama, dakika 20 tu, dunia nzima ilisimama." Nikamwambia dakika 20 bendi zetu zilikuwa bado zinalinganisha nyuzi. Lakini nikakaa. Na wallahi, nikamwona yule bwana na kijiti chake cha maiki, hana moshi, hana wacheza shoo, anaita "eeeh-oh" na watu zaidi ya elfu 70 wanaitikia. Hicho si kiitikio hicho? Tena cha kupokezana kabisa, kama mkesha wa msiba. Halafu shemeji akanieleza kuhusu yule mpiga gitaa mwenye nywele nyingi, Brian May, kwamba gitaa lake walilitengeneza yeye na baba yake nyumbani, shingo wakaichonga kwenye mbao ya zamani ya mahali pa kuwashia moto, na kulipiga analipiga kwa sarafu. Hapo nikanyanyua mikono. Mtu aliyepiga gitaa la mbao za jikoni huyo ni fundi mwenzetu.

Kosa langu lilikuwa kumsifia. Shemeji akainuka, akachukua ufagio wa mpini mrefu, akaanza kupiga solo. Macho kafumba, ulimi nje, vidole vinatembea kwenye mpini. Mimi, Mungu anisamehe, nikampa besi kwa mdomo. Alipofika kwenye nyuzi za juu akajinyonga kwa nyuma, mpini ukapanda, ukaingia kwenye feni ya darini. Feni ikaukata vipande viwili, kipande cha juu kikatua kwenye sufuria la maharage. Dada yake hakusema neno. Alikitoa, akakipangusa, akakiweka juu ya meza mbele yetu kama kizibiti.

Kwa hiyo Jumapili ilikuwa busara tusikae nyumbani. Nikamchukua kwenye bonanza la bendi moja ya wakongwe, jina naliacha. Viti vya plastiki, kuku wa kienyeji aliyekufa kwa uzee, na mpuliza tarumbeta ana umri wa baba yangu, kati ya wimbo na wimbo anakaa, akifikiwa anasimama na kitambaa chake cha jasho, anapuliza sehemu yake, anakaa tena. Lakini vyombo! Besi inakugonga kifuani mpaka unaikumbuka mikopo. Nikacheza. Goti likalalamika, nikaliambia lisubiri.

Mwimbaji akaanza kutaja majina ya mapapaa. Nikaenda kumtunza elfu tano kwenye paji la uso, nikamnong'oneza jina langu. Akaimba: "Mzee wa Kwa Remmyyy!" Jina langu hakulitaja kabisa, na nikaridhika kuliko kama angelitaja.

Shemeji kuona hivyo, akapanda na yeye, fulana yake nyeusi imeloa, akaomba Queen. Niliona aibu kwa niaba ya ukoo. Mpiga solo akamtazama juu mpaka chini. "Tunaijua. Ongeza kumi." Akaongeza nauli yetu ya bajaji. Na wakaipiga, na tumba ndani, na tarumbeta mahali pa sauti, na mama wawili wa meza ya pembeni wakainuka.

Tumerudi kwa miguu, saa nane usiku. Mke wangu akafungua mlango kwa kitenge na uso wa kuhukumu, mkononi kashika ufagio mpya, lebo ya dukani bado inaning'inia.

"Zuwena alikuwepo?"

Kabla sijapata jibu, shemeji akampita, akaunyooshea mkono ule ufagio kwa heshima zote.

"Dada, niazime gitaa."