Baba tumemwazima kwa Mturuki?

Juzi hapa Busia, kwenye kibanda cha chapati, jamaa mmoja alishika ubishi eti neno "baba" tumelitoa kwa Waturuki na Waajemi, limekuja na majahazi kama biashara ingine, ushahidi wake ni kwamba Mturuki anasema baba na Muajemi naye anasema baba, kwa hiyo Kiswahili hata mzazi wake ni wa mkopo. Huku Uganda hii stori haiishi, maana wako watu wanaona Kiswahili ni lugha ya wanajeshi tu, ya kuletwa, hata kama katiba tangu 2005 inaitaja kuwa lugha rasmi ya pili.

Kuazima tumeazima sana, sikatai, kitabu ni cha Mwarabu na meza ni ya Mreno. Lakini baba? Mchina naye anasema baba, Mshona anasema baba, Mzulu anasema ubaba, sasa na hao wote walikopeshwa na Mturuki?

Jirani yangu ana mtoto wa miezi nane. Baba mtu ni wa Mombasa, mama ni wa Mbarara. Asubuhi mtoto akasema "bababa", baba akaruka juu kwa furaha, jioni akasema "tatata" mama akacheka kwamba anamwita tata kwa Kinyankole, alafu mimi nikamuona kwa macho yangu akimwambia kuku "bababa". Midomo inafunga, inafunguka, basi. Wakubwa ndio tunaosikia jina letu hapo.

Mwaka 1959 mwanaanthropolojia Murdock alikusanya maneno 1,072 ya mama na baba kutoka lugha za dunia nzima. Ya baba, asilimia 55 yalikuwa ya jamii ya pa na ta. Ya mama, asilimia 7 tu. Hiyo saba mimi hainitoki kichwani, kwa sababu ingekuwa ni bahati nasibu hizo namba zingekaribiana. Mwanaisimu Jakobson alieleza kwamba mtoto akinyonya mdomo umejaa, sauti inapita puani, inatoka "mmm", na hiyo mama kaichukua kwa haki yake, baba akabaki na makombo ya pa na ta. Ingawa Wageorgia wao waligeuza kabisa, baba kwao ni "mama" na mama ni "deda", na maisha yanaendelea.

Sasa upande wa pili wasidharauliwe. Wako watafiti kama Bancel na Matthey de l'Etang wanaosema "papa" imeenea mno, lazima tumeirithi kwa binadamu wa kale kabisa, na wana hoja nzuri kwamba mtoto anatoa sauti tu, ile maana ya neno haitoki kwake. Kweli. Lakini neno la kurithi huwa linachakaa njiani. Angalia Mzungu, kwa Kilatini ni pater, kwa Kiingereza ile p ikageuka f ikawa father, na bado mtoto wa Kiingereza anaanza upya na "dada" (ambayo ukimletea Mswahili atamtafuta dada yake). Sauti za kitoto zinazaliwa upya kila nyumba, ndio maana zinafanana hata pale ambapo hakuna undugu.

Ukitaka undugu wenyewe acha baba, tafuta yale maneno ambayo mtoto mchanga hawezi kuyabahatisha. Waacholi wanasema "won", ambayo pia ni mwenye kitu, mwenye nyumba. Ssalongo wa Waganda, baba wa mapacha, hana ba wala ta. Alafu hii ndio tamu: "baba yake" kwa Kinyankole ni ishe, kwa Kikikuyu ni ithe, kwa Kizulu ni uyise. Hapo ndio ukoo wa Kibantu unaonekana wazi, tangu Mbarara mpaka Natal, bila jahazi lolote.

Nikamuuliza yule jamaa, mama yako Mnyankole wa Bushenyi anasemaje "baba yake"? Akasema, "Ishe." Akavuta chai yake.