Msimbo Mchafu Husafishika, Msimbo Mbaya Hudanganya

Nimechoshwa na mapitio ya msimbo, yaani ukaguzi wa maandishi ya programu za kompyuta, yanayoishia kwenye nafasi na mabano. Juzi nilisoma mjadala mrefu kuhusu faili moja, ambamo maoni yote yalihusu urefu wa mistari na majina ya herufi moja moja, ilhali katikati ya faili hilo hilo ilikuwapo fanksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina lake ili kifanye kazi fulani) iitwayo hakiki_malipo ambayo, pamoja na kuhakiki, ilibadilisha salio la mteja kwenye hifadhidata, na ikipata hitilafu yoyote iliimeza na kurudisha jibu la ndiyo. Hakuna aliyeigusa, kwa kuwa ilikuwa imepangwa vizuri.

Uchafu ni kero, nakubali, na anayeandika ovyo huwapotezea wenzake muda. Lakini mpangilio hunyooshwa na programu kwa sekunde chache. Msimbo mbaya ni ule unaomficha msomaji jambo analopaswa kulijua ili aweze kuubadilisha kwa usalama. Anayeiita fanksheni ile hudhani anauliza tu, kumbe anatenda. Huambiwa malipo yamekubaliwa, kumbe mtandao umekatika. Sehemu nyingine za programu zikishajengwa juu ya uongo huo, kila atakayejaribu kuuondoa atavunja kitu asichokijua.

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliharibika angani sekunde 40 hivi baada ya kuruka, kwa sababu msimbo uliorithiwa kutoka Ariane 4, roketi iliyoitangulia, ulijaribu kugeuza namba iliyohifadhiwa kwa nafasi ya biti 64 kuwa ya biti 16, isiyobeba zaidi ya 32767, nayo haikuenea. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatari ilikwisha kufikiriwa: kati ya thamani 7 zilizotiliwa shaka, 4 ziliwekewa kinga na 3 zikaachwa makusudi, kwa hoja kwamba hazingeweza kufikia kikomo. Kwa mwendo wa Ariane 4 hoja hiyo ilisimama, ila wachunguzi hawakuikuta popote ndani ya msimbo wenyewe, na Ariane 5 ilikuwa na mwendo mwingine kabisa.

Kasi ya msimbo na urefu wa faili vina umuhimu wake, lakini hayo yanajadilika. Mimi niko radhi kupokea faili lenye mistari iliyopinda, mradi mwandishi wake ameandika waziwazi kwamba hapa namba haitarajiwi kuzidi 32767, na ikizidi programu inasimama na kutaja sababu.